Kiangazi Ziwa Kivu: mwongozo kamili wa kuogelea, kupiga kafi, kutembea na kula sambaza upande wa Rwanda

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, limebanwa na milima pande zote, na makosa mengi ya wageni hutokana na kulichukulia kama ufukwe wa bahari. Hakuna maji kupwa wala maji kujaa. Jua ni kali ilhali hewa ni ya ubaridi, kwa hiyo mtu huungua bila kuhisi joto. Usiku nyuzi hushuka hadi 15 hivi. Na upepo una ratiba yake: asubuhi ziwa hulala kimya, mchana huamka, jioni hutulia tena. Ukiipanga siku yako kwa ratiba hiyo, likizo nzima inakaa sawa. Ukiamka saa nne, ukanywa chai polepole na kuingia na kayaki saa saba mchana, utapigana na mawimbi na kurudi ukiwa umechukia ziwa lisilo na kosa.

Mwongozo huu unahusu miji mitatu ya ukingo wa Rwanda: Rubavu, ambayo wengi bado huiita Gisenyi, upande wa kaskazini, Karongi au Kibuye, katikati, na Rusizi au Cyangugu, kusini. Ng'ambo ni Kongo. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, na hali ya usalama huko si ya mtalii.

Lini uende na ulale wapi

Kiangazi kirefu ni kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba. Juni na mapema Julai ndiyo bora: mvua imekatika, milima bado ya kijani, hewa safi. Kufikia Agosti vumbi na moshi wa mashamba hutanda, na milima ya ng'ambo hupotea kabisa kwenye ukungu mkavu. Mwishoni mwa Septemba mvua hurudi, na pamoja nayo radi. Eneo hili la mashariki ya Kongo na magharibi ya Rwanda ni miongoni mwa yanayopigwa radi zaidi duniani. Ukisikia ngurumo, toka majini mara moja, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuchagua mji ni muhimu kuliko kuchagua hoteli. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 90 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Maana yake, mawimbi yanayofika Rubavu alasiri yamesafiri mbali na kukua njiani. Rubavu ina ufukwe wa mchanga, mikahawa na watu wengi wikendi, nao ndio mji wa kustarehe na kula. Karongi, kwa upande wake, ina ghuba nyembamba zilizoingia katikati ya vilima kama vidole vya mkono, na ndani ya ghuba hizo maji hubaki tulivu hata pale ziwa kuu linapochafuka. Ukija kwa ajili ya kayaki, au ukija na watoto, lala Karongi. Rusizi inamfaa anayetaka kuunganisha ziwa na msitu wa Nyungwe, kwa sababu barabara kutoka Kigali inapita katikati ya msitu huo.

Mabasi ya miji yote mitatu huondokea stendi ya Nyabugogo, Kigali. Karongi ni kama saa tatu, Rubavu saa tatu na nusu hadi nne, Rusizi takriban sita. Kutapika si aibu; barabara ni kona tupu, kwa hiyo kaa mbele na usisome simu. Kata tiketi ya asubuhi, na epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi shughuli husimama na watu wako kwenye kazi za jamii. Wakenya na Waganda huvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayekuja na gari kutoka nchi zetu akumbuke kwamba Rwanda wanaendesha upande wa kulia, na hatari kubwa si barabara kuu bali pale unapotoka hotelini alfajiri, barabara tupu, na mkono unarudia mazoea.

Lugha haisumbui sana. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Rubavu na Rusizi utaelewana na karibu kila mtu sokoni kwa sababu ya ujirani na Goma na Bukavu. Vijijini kando ya ziwa jifunze angalau "muraho" ya kusalimia na "ni angahe?" ya kuulizia bei.

Vya kubeba

Sweta moja zito na koti jepesi la mvua. Kandambili zenye mikanda ya kufunga kisigino, kwa kuwa kaskazini ukingo una mawe ya volkano yanayokata mguu kama kioo, na ndala za kawaida huchomoka majini. Kofia yenye kamba ya kidevuni. Miwani ya jua. Tochi ya kichwani. Chandarua kama hujathibitisha kwamba nyumba ya wageni inacho, maana mwinuko hupunguza mbu lakini hauwamalizi. Kadi ya simu ya Rwanda yenye pesa za simu, pamoja na noti ndogo za faranga kwa ajili ya visiwani na mwaloni, wanakotua wavuvi.

Usibebe mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na huchukuliwa mpakani. Vitu visivyotakiwa kulowa viweke kwenye mfuko mzito wa mpira unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa klipu. Ujaribu kwanza kwenye beseni, kwani mfuko mwingi unaouzwa kwa bei ya chini huvuja kwenye mshono wa chini.

Mafuta ya kuzuia jua yana kipimo chake: mtu mzima anahitaji kama mililita 35 kwa mwili mzima, SPF 30 au zaidi, kisha apake tena kila saa mbili na kila akitoka majini. Miale inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na maji huirudisha usoni kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa midomo, pua, masikio na sehemu ya juu ya mapaja kwa anayekaa kwenye kayaki. Wengi hugundua usiku, wanapogusa shuka.

Siku moja inavyopangwa

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Kuanzia macheo hadi saa nne ndio muda wa majini: kayaki, ubao wa kusimamia ukipiga kafi, kuogelea, boti za visiwani. Saa nne hadi saa saba, rudi ukingoni, ule, ukae kivulini. Alasiri, upepo ukiwa juu, ni ya nchi kavu: kupanda vilima, baiskeli, soko, mashamba ya kahawa. Kuanzia saa kumi na moja ziwa huanza kulainika tena, na hapo ndipo wavuvi wanapotoka.

Utaujua mwanzo wa upepo kabla haujakufikia. Tazama mbali: maji yanayong'aa huanza kupata ukanda mweusi wenye mikunjo, na ukanda huo husogea. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi hata kimoja kimoja, anayejifunza hana tena sababu ya kuwa nje ya ghuba.

Kuogelea

Maji ya juu huwa na nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima. Hakuna mamba, na viboko si wakazi wa ziwa hili. Gesi inayozungumzwa sana, kaboni dioksaidi na methani, imeyeyuka kwenye vilindi vya mamia ya mita, katika ziwa lenye kina cha takriban mita 480. Haimgusi anayeogelea juu. Methani hiyo huvutwa na kuzalisha umeme karibu na Karongi tangu 2016, na jukwaa lake utaliona likielea. Usilisogelee kwa chombo chochote.

Hatari za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kina. Ukingo wa Kivu ni mteremko wa mlima ulioendelea chini ya maji, kwa hiyo sehemu nyingi unatembea hatua tano maji ya kiunoni, ya sita hakuna chini. Ingia kwa miguu, polepole, ukipapasa, wala usipige mbizi mahali usipopajua. Mtoto asiwe mbali zaidi ya urefu wa mkono wako, hata akiwa na boya. Ya pili inawahusu hasa watu wa pwani: maji haya si ya chumvi. Mwili huelea chini zaidi kuliko Zanzibar au Mombasa, na mtu aliyezoea kujilaza juu ya bahari bila kazi hushtuka miguu inapozama. Mshtuko huo ndio humfanya anywe maji.

Asiyejua kuogelea anaweza kujifunza kuelea hapa kwa asubuhi chache. Simameni maji ya kiunoni, mahali pa mchanga. Msaidizi aweke viganja chini ya mabega ya mwanafunzi. Mwanafunzi avute pumzi, alaze kichwa nyuma mpaka masikio yazame, ainue kifua na kitovu juu, mikono aipanue. Apumue pumzi fupi fupi bila kumaliza hewa kifuani. Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kuinua kichwa ili aone miguu yake. Kichwa kikipanda, nyonga huzama papo hapo. Mwambie atazame angani moja kwa moja. Akiweza kukaa dakika moja bila kushikwa, mfundishe kurudi wima: magoti kifuani, mikono isukume maji kwenda mbele, kichwa kije mwisho. Hayo mawili yanatosha kuokoa maisha, na mitindo mingine itafuata.

Utasikia kwamba Kivu haina kichocho. Usilikubali hilo moja kwa moja. Minyoo yake imegunduliwa kwa wakazi wa baadhi ya maeneo ya ukingo. Konokono wanaoubeba hupenda maji yaliyosimama yenye majani na matete, karibu na vijiji na midomo ya mito. Ogelea kwenye ukingo wa mawe au mchanga, maji yenye kina, mbali na matete. Na hapa asubuhi inakufaa tena: vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri. Kujikausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo, lakini si kinga ya kuitegemea.

Kayaki, hatua kwa hatua

Hii ndiyo shughuli inayolifaa ziwa hili kuliko zote, nayo ndiyo watu wanayoifanya vibaya kuliko zote, kwa sababu anayekodisha hukupa kafi na kukusukuma majini bila neno.

Anza na jaketi okozi. Soma lebo: lile lililoandikwa 50N linamfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na ukingo, asiyejua adai 100N au zaidi. Finya sponji, likibaki limebonyea ni kuukuu. Funga vifungo vyote, inua mikono juu, mwenzako avute mabega ya jaketi kwenda juu kwa nguvu. Likipita kidevu, ni kubwa. La mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya mapaja, la sivyo mtoto atabaki chini na jaketi litaelea peke yake. Funga filimbi kwenye jaketi, siyo kwenye chombo.

Kisha kaa ndani ya kayaki ikiwa bado nchi kavu. Nyayo zikanyage vikanyagio na magoti yabaki yamekunjwa kidogo, yakigusa kuta za ndani. Miguu ikinyooka kabisa, mgongo utauma ndani ya nusu saa, na utaukosa ule mhimili wa miguu unaozalisha nguvu. Sogeza vikanyagio sasa, maana majini hutaweza.

Kafi ishikwe hivi: iweke juu ya kichwa, shika pande mbili mpaka viwiko vikunje pembe mraba, kisha ishushe mbele ya kifua. Upande wa bapa uliobonyea ukutazame wewe. Nusu ya wanaoanza huishika kinyume, na dalili yake ni kwamba maji yanateleza pembeni na chombo hakiendi. Shika kwa vidole, usikaze ngumi; malengelenge ya viganja hutokana na kukaza, si na umbali.

Kupiga kafi si kazi ya mikono. Zungusha kiwiliwili mpaka bega la upande unaopiga litangulie, chomeka bapa lote majini karibu na vidole vya mguu, kisha fungua mzunguko wa kiwiliwili huku mguu wa upande huohuo ukisukuma kikanyagio. Bapa likifika usawa wa nyonga, litoe. Ukilivuta hadi nyuma unanyanyua maji badala ya kwenda mbele, na omo, yaani mbele ya chombo, inaanza kuyumba kushoto na kulia. Kugeuka: chomeka mbele na uchore nusu duara pana hadi nyuma, chombo kitageukia upande wa pili. Kusimama: piga kinyume, fupi fupi, kulia na kushoto kwa zamu. Fanya mazoezi haya dakika 15 mita chache tu kutoka ukingoni kabla ya kwenda popote.

Tatizo litakalokukuta ni kayaki kugeuka yenyewe kuelekea upepo unapovuma kutoka ubavuni. Si mkono wako wa kulia ulio na nguvu zaidi. Ni tezi, yaani nyuma ya chombo, inayosukumwa na upepo wakati omo imeng'ang'ania maji. Dawa yake ni mapigo mapana ya nusu duara upande ule upepo unakotoka, mawili au matatu, kisha endelea kawaida. Anayepambana kwa kupiga haraka pande zote mbili huchoka bure.

Anayeanza huenda kilomita tatu hadi nne kwa saa, pungufu ya hapo akikabili upepo. Kwa safari ya saa mbili, nenda dakika 45, pumzika 15, rudi, na hiyo dakika 15 ya mwisho ni akiba isiyoguswa. Anza kwa kwenda upande upepo utakakotokea, yaani kwa kawaida kusini, ili ukichoka upepo ukusukume nyumbani. Kaa mita zisizozidi 100 kutoka ukingo na ufuate ghuba, hata kama kukata moja kwa moja kunaonekana karibu. Ziwa la mlimani hudanganya umbali kwa sababu kilima cha ng'ambo ni kirefu na huonekana kiko karibu. Mwambie mtu wa hotelini unaelekea wapi na saa ya kurudi. Rubavu, usielekee magharibi kabisa: mpaka wa Kongo upo hapo hapo, umepita ndani ya maji bila alama, na askari wa majini hawacheki na mtalii aliyepotea. Wakati mwingine shughuli za ziwani huzuiwa huko kwa sababu za usalama, kwa hiyo uliza siku hiyohiyo.

Mkipinduka mkiwa kayaki mbili:

1. Shikilia chombo chako na kafi. Usiogelee kwenda ukingoni ukakiacha. Chombo kinaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani.
2. Mwenzako aje aweke ubavu wa kayaki yake mbele ya omo yako, chombo chako kikiwa bado kimefudikia, vifanye herufi T.
3. Avute omo juu ya mapaja yake. Wewe bonyeza tezi kwenda chini. Maji yatamwagika, subirini yaishe.
4. Akigeuze kikae sawa, akivute ubavu kwa ubavu na chake, omo ya kimoja ikitazama tezi ya kingine, akilalie kwa uzito wake wote.
5. Wewe piga miguu kama unaogelea, jirushe kifua juu ya tezi, tambaa ukiwa umelala mpaka kwenye kiti, kisha geuka na ukae. Anayejaribu kupanda akiwa wima hupindua vyombo vyote viwili.

Kayaki ya kukalia juu ni rahisi zaidi: pitisha mkono juu ya chombo, vuta ukingo wa mbali kuja kwako, panda kwa kifua kutoka ubavuni, geuza nyonga, kaa. Ukiwa peke yako, kodi ya aina hiyo.

Ubao wa kusimamia una sharti moja tu la ziada: fungia kamba yake mguuni. Upepo huuchukua ubao uliotupu haraka kuliko mtu anavyoogelea.

Boti na visiwa

Kutoka Karongi safari inayopendwa ni ya kisiwa cha Amahoro na kile kinachoitwa Napoleon, kwa sababu ya umbo la kofia. Kubalianeni bei ya boti nzima, si ya kichwa, ikijumuisha mafuta na muda wa kusubiri. Lipa nusu kwanza na nusu mkirudi. Boti isiyo na jaketi kwa kila abiria usiipande, hata kama ni watu watatu na ziwa limelala. Ondokeni saa moja asubuhi.

Napoleon hupandwa hadi kileleni, njia ni ya udongo mkavu unaoteleza wakati wa kushuka, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno. Kisiwa kina maelfu ya popo wakubwa wanaokula matunda, na baadhi ya waongozaji hupiga makofi au kelele ili waruke, upate picha. Mkatalie kwa upole kabla hajaanza. Popo hao wanalala mchana, wanapoteza nguvu, wanadondosha watoto. Tena Rwanda ilipata mlipuko wa homa hatari ya Marburg Septemba 2024, ambao chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwa popo wa matunda waliokuwa machimboni. Usisimame chini ya miti wanayoning'inia, usiokote tunda lililoumwa, nawa mikono kabla ya kula.

Usiku na wavuvi wa sambaza

Jioni utaona mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti, yenye fito ndefu zinazojitokeza mbele na nyuma, ikitoka kwa kafi na nyimbo. Wanavua sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa Kigoma watamtambua mara moja kwa kuwa huchanganyika na dagaa wao. Taa huwashwa juu ya maji, wadudu wadogo wa majini huifuata taa, sambaza huwafuata wadudu, na wavu huinuliwa kutoka chini.

Hoteli na waongozaji wa Karongi hupanga mgeni aende nao au aende na boti ya pembeni. Tazama kalenda kwanza. Usiku wa mwezi mpevu taa haina nguvu, samaki hutawanyika na wavuvi wengi hawatoki. Chagua usiku wa mwezi mwandamo. Kumbuka pia kwamba kila mwaka uvuvi hufungwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane, kwa kawaida kuanzia Agosti. Vaa sweta na koti. Usiwashe tochi majini, unawavuruga samaki.

Asubuhi nenda mwaloni ununue wabichi. Nusu kilo huwatosha watu wanne kama kitafunio. Osha kwa maji matatu, chuja, kisha watandaze kwenye kitambaa dakika 20 wakauke. Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoharibu. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kamulia nusu ndimu, pakaza vijiko vitatu vya unga wa ngano au wa mahindi, na ukung'ute unga wa ziada. Mafuta yawe marefu kiasi cha vidole viwili na ya moto mpaka sambaza mmoja akitumbukizwa achemke na kupanda juu mara moja. Kaanga konzi moja moja, dakika tatu hadi nne. Ukijaza sufuria, mafuta hupoa, samaki hunywa mafuta na kulegea. Kula na pilipili ya mafuta na ndizi za kuchoma. Ukitaka kupika maharage pembeni, yaloweke usiku kucha: katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage makavu yatakula mkaa wako wote.

Alasiri nchi kavu

Njia ya Congo Nile Trail hufuata ukingo kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, siku 10 kwa miguu au 5 kwa baiskeli. Anayepumzika hahitaji yote. Sehemu ya kaskazini, kupitia Rwaza, Cyimbili, Kinunu na Musasa hadi Karongi, ndiyo yenye ziwa karibu na mashamba ya kahawa. Rubavu hadi Rwaza ni takriban kilomita 20. Kwa vilima hivi hesabu kilomita tatu hadi nne kwa saa, kwa hiyo anza alfajiri, au chukua pikipiki hadi katikati na utembee iliyobaki alasiri. Maji lita mbili kwa mtu, na yachemshwe au yawe ya chupa. Cyimbili na Kinunu kuna vituo vya kuoshea kahawa, ila msimu wa mavuno huwa umekaribia kwisha kiangazi kinapoanza, kwa hiyo Juni mapema ndipo utaona kazi.

Baiskeli ya kukodi iangalie breki kabla ya bei. Bana kila breki na usukume. Gurudumu likizunguka, iache. Kwenye mteremko mrefu bana na kuachia kwa zamu, nyonga nyuma ya kiti. Kukamata breki mfululizo huchemsha ringi na breki hufifia pale kona inapokuja. Beba kiraka, pampu na tyubu moja ya akiba, kwani mafundi wako mijini.

Chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Rubavu, zinatosha alasiri moja. Maji yanapotokea ardhini yanaunguza. Pima kwa mkono, kaa pale yanapochanganyika na ya ziwa, na usizidishe dakika 15. Mwenye presha au ujauzito aloweke miguu tu.

Mazuku

Kaskazini ya ziwa, hasa Goma na Sake lakini pia sehemu za Rubavu karibu na volkano, kaboni dioksaidi hutoka kwenye nyufa za ardhi, nayo wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hujikusanya mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mtu mzima anaweza kusimama salama huku mtoto au mbwa miguuni pake anakosa hewa. Kwa hiyo usipige hema kwenye bonde au shimo la mawe ya volkano, usishuke mahali penye ndege au panya waliokufa bila sababu, na msikilize mwenyeji akisema hapo si pa kukaa. Mtu akianguka ndani, usiruke kumfuata. Ndivyo wanavyokufa wawili. Itisha watu, mvute kwa kamba ukiwa juu.

Baada ya kurudi nyumbani

Homa yoyote ndani ya majuma ya mwanzo, pima malaria siku hiyohiyo. Homa pamoja na kikohozi na vipele kati ya wiki ya pili na ya nane, mwambie daktari kwamba uliogelea ziwani, kwani dalili za mwanzo za kichocho hufanana na mengi. Hata usipoumwa, pima kichocho kati ya wiki ya sita na ya nane. Kupima mapema hakufai, na kumeza praziquantel, dawa ya kichocho, siku ya kwanza hakusaidii, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Dozi hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo ya mtoto na ya baba haziwi sawa.